Mdomo Umekufa Ganzi, Jino Bado Linauma

Wasomaji Wauliza, Daktari wa Meno Ajibu

Barua nne tulizochagua safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na zote zinahusu sindano ya ganzi ambayo haikufanya kazi iliyotarajiwa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imegusa mambo mengi ambayo wasomaji wengine pia wameyauliza.

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Langoni, Lamu. Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilianza kuniuma siku chache kabla ya Ramadhani. Nililivumilia mwezi mzima kwa kuogopa kuharibu saumu, nikawa nalitia karafuu usiku na kumeza vidonge vya maumivu baada ya kufuturu. Baada ya Idi mume wangu alinipeleka kliniki, nikachomwa sindano ya ganzi. Mdomo na nusu ya ulimi vilikufa kabisa, hata nikawa siwezi kutema mate sawasawa, lakini mashine ilipogusa jino niliruka nusura nianguke. Nikachomwa ya pili na mambo yakawa yale yale. Daktari akasema ganzi imeshika, na kwamba kilichobaki ni woga wangu tu. Nilitiwa dawa ya muda katika lile tundu nikarudi nyumbani nikilia. Mama mkwe wangu asema nina damu nzito isiyokubali dawa, na shoga yangu asema dawa za siku hizi ni bandia. Je, mwili wangu umeikataa ganzi? Na nikirudi, si nitateswa vile vile? — Mama wa Watatu, Langoni

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole sana kwa masaibu hayo. Naomba nianze na hilo la woga, kwa kuwa naona ndilo lililokuumiza kuliko sindano zenyewe. Woga humzidishia mtu maumivu, hilo halina ubishi. Mwenye hofu hukaza misuli, hukaa akingoja kuumizwa, na mguso mdogo huuhisi kuwa mkubwa. Lakini woga haulitoi ganzi jino lililokwisha kufa ganzi. Ikiwa uliruka mashine ilipoligusa, basi jino halikuwa limekufa ganzi, na mtu wa kwanza anayepaswa kulisadiki jambo hilo ni yule aliyeishika mashine. Kumwambia mgonjwa "ni woga wako" ni njia nyepesi ya kumaliza mazungumzo, nami siipendi hata kidogo, ingawa najua kwamba foleni ya wagonjwa wanaosubiri nje ndiyo inayowasukuma wenzangu wengi kuitumia.

Suala la damu nzito nalo tuliweke kando. Dawa ya ganzi haihitaji kusafirishwa na damu ndipo ifanye kazi. Kinyume chake, damu ndiyo inayoizoa na kuiondoa mahali ilipowekwa. Ndiyo sababu dawa hiyo huchanganywa na adrenalini kidogo mno, kwa kawaida sehemu 1 kwa 80,000 au 1 kwa 100,000, ili mishipa midogo ya damu ijikaze na dawa idumu pale pale. Lignokeini, ambayo ndiyo dawa yenyewe ya ganzi, ikiwa tupu, bila adrenalini, hulitia jino ganzi kwa dakika 5 hadi 10 tu, ambapo ile yenye adrenalini hulituliza kwa muda wa kama saa nzima, na mdomo ukaendelea kuwa mzito kwa saa 3 hadi 5.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako. Lignokeini, ambayo iliundwa nchini Uswidi na mwanakemia Nils Löfgren mwaka 1943 na ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi katika kliniki zetu, huzuia maumivu kwa kufunga vijilango vidogo vilivyo katika utando wa neva, ambavyo chembe za sodiamu hupitia kila mara neva inapopeleka habari kwenye ubongo. Vijilango vikifungwa, habari haiendi, na ubongo haujui kwamba jino linatobolewa. Tatizo ni kwamba dawa huvifunga vijilango hivyo kutokea ndani, kwa hiyo ni lazima kwanza ipenye utando wa mafuta unaoizunguka neva. Mara tu inapoingia mwilini, dawa hugawanyika katika hali mbili: hali yenye chaji ya umeme, ambayo haiwezi kupenya mafuta, na hali isiyo na chaji, ambayo hupenya. Mahali penye afya, ambapo pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ni 7.4, takriban robo ya dawa huwa katika hali inayopenya, na robo hiyo yatosha kabisa. Lakini penye uvimbe na usaha mwili huwa na asidi zaidi, na pH ikishuka hadi 6.4, kinachobaki katika hali ya kupenya ni kama sehemu 3 tu katika 100. Dawa ipo, tena imejaa, ila haiingii, mfano wa jahazi lililofika mlango wa bahari wa Mkanda wakati wa maji kupwa likalazimika kungoja nje.

Maelezo hayo ya asidi ndiyo utakayoyasikia kwa madaktari wengi, na kwa jino la juu lenye jipu ni maelezo mazuri. Kwa kisa chako, hata hivyo, hayatoshi. Gego la chini halitiwi ganzi kwa kuchomwa sindano pembeni mwake, bali kwa kuchomwa nyuma kabisa ya kinywa, upande wa ndani wa taya, mahali ambapo neva huingia katika mfupa kupitia tundu dogo. Mahali hapo pako mbali na jino bovu na kwa kawaida hapana usaha wala asidi ya ziada. Mbona basi dawa ikashindwa? Kwa sababu neva yenyewe imebadilika. Kiini cha jino, yaani ile nyama laini ya ndani yenye neva, kinapovimba, mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huifanya neva iwe nyepesi kushtuka hata kwa kichocheo kidogo, na kadiri uvimbe unavyoendelea, neva huongeza vijilango vya sodiamu vya aina nyingine, ambavyo havifungwi kwa urahisi na lignokeini. Kipimo kinachoizima neva tulivu hakiizimi neva iliyochokozwa mwezi mzima. Vitabu vya taaluma yetu hukadiria kwamba sindano hiyo ya taya la chini hushindwa kati ya mara 15 na 20 katika kila 100 hata kwa jino lisilouma. Kwa jino ambalo kiini chake kimewaka kama lako, tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba sindano moja peke yake hushindwa kwa nusu ya wagonjwa au zaidi. Hukuwa kioja, dada yangu. Ulikuwa katika kundi kubwa.

Hapa pia ndipo linapoeleweka lile la mdomo kufa na jino kubaki hai. Mdomo wa chini hupata hisia zake kutoka kwa neva ile ile inayohudumia meno ya chini, kwa hiyo mdomo ukifa tunajua kwamba dawa imefika karibu na mahali pake. Hatujui zaidi ya hapo. Nyuzi zinazotoka mdomoni hazijavimba na huzimika upesi, ilhali nyuzi zinazotoka katika jino lililowaka huendelea kupeleka habari. Daktari aliyekugusa mdomo, ukamwambia umekufa, akaanza kazi papo hapo, alipima kitu kimoja na kukitumia kuhukumu kingine. Kipimo kilicho bora ni kuligusisha jino lenyewe kipande cha pamba kilichopulizwa dawa ya baridi kali kabla ya kuwasha mashine. Ukiihisi baridi, kazi isianze.

Ziko sababu nyingine, zinazohusu umbo la mtu. Taya la juu lina mfupa mwembamba wenye vitundu vingi, na dawa iliyowekwa juu ya ufizi hupenya hadi kwenye mizizi bila shida, ndiyo maana ni nadra kusikia mtu akilalamika kuhusu jino la juu la mbele. Taya la chini, hasa sehemu ya magego, limezungukwa na mfupa mnene usiopitisha dawa. Lile tundu nililolitaja halionekani kwa macho. Daktari hulikisia kwa kupapasa alama za mfupa kwa kidole, na kwa mtu mmoja huwa juu kidogo, kwa mwingine chini kidogo, kwa mtoto chini zaidi kuliko kwa mtu mzima. Milimita chache zatosha kuikosa neva. Baadhi ya watu, isitoshe, wana neva ya ziada inayopita chini ya ulimi na kufika kwenye gego kwa njia yake, na hiyo haiguswi na sindano ya kawaida. Mwili "unaoikataa" dawa kabisa ni jambo la nadra mno. Wapo watu wachache wenye maradhi ya kurithi yanayolegeza viungo na ngozi ambao ganzi huwashika vibaya, lakini hao kwa kawaida huwa wameliona jambo hilo kwa kila jino na hata kwa sindano za mahali pengine mwilini. Wewe, kama ulipata kuzibwa jino zamani bila taabu, huna sababu ya kujihesabu miongoni mwao.

Nikirudi, je? Rudi, tena usikawie, maana dawa ya muda haiponyi kiini kilichowaka. Kabla hata hujaketi, mweleze daktari kwamba safari iliyopita mdomo ulikufa na jino likabaki na uhai, kwa sababu sentensi hiyo moja humfanya daktari makini abadilishe mpango wake mzima. Muulize kama unaweza kumeza ibuprofeni, ile ambayo wengi huiita Brufen, miligramu 400 hadi 600, kama saa moja kabla ya sindano; dawa hiyo hupunguza prostaglandini nilizozitaja, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba huongeza uwezekano wa ganzi kushika katika jino lililowaka. Usiimeze kwa uamuzi wako mwenyewe ikiwa una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za jamii ya aspirini, au ujauzito.

Baada ya sindano ya taya la chini, dakika 10 hadi 15 za kusubiri si anasa. Ikiwa bado jino linahisi, daktari anazo njia za kuongezea, na sindano ya pili pale pale pa kwanza mara nyingi ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Anaweza kuweka artikeini, dawa ya jamii hiyo hiyo inayopenya mfupa vizuri zaidi, kwenye ufizi wa nje mkabala na gego. Anaweza kuchoma sindano nyembamba katika ule mwanya mwembamba kati ya jino na mfupa, ambapo dawa kidogo sana husukumwa kwa nguvu na kushika karibu papo hapo. Zipo kliniki zenye kifaa cha kuipitisha dawa moja kwa moja ndani ya mfupa. Na kiini kikishafunguliwa kidogo, dawa yaweza kuwekwa ndani yake. Hiyo huuma kweli kwa sekunde chache, sitakuficha, kisha huzima kabisa, na mgonjwa aliyeelezwa mapema hulipokea jambo hilo kwa utulivu kuliko aliyeshtukizwa.

Huenda ukaogopa kwamba sindano nyingi zitakudhuru. Tufanye hesabu. Kiwango cha juu cha lignokeini yenye adrenalini kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi miligramu 500. Kichupa kimoja cha mililita 2.2 chenye dawa ya asilimia 2 kina miligramu 44. Mtu wa kilo 60 ana ruhusa ya miligramu 420, yaani vichupa 9, na hata daktari mwangalifu anayebaki mbali na mpaka huo hawezi kusema kwamba cha tatu ni hatari. Kwa watoto, wazee na wenye ugonjwa wa ini, hesabu huwa nyingine, na huko ndiko tahadhari inakohitajika.

Jambo jingine la kupatana na daktari kabla ya kuanza ni ishara. Ganzi huzima nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu, lakini nyuzi nene zinazobeba hisia za kusukumwa na kutikiswa mara nyingi hubaki macho, kwa hiyo ni kawaida kuhisi mkandamizo, mtetemo wa mashine, na jino likiwa linang'olewa, hata kusikia mlio wa mfupa. Hayo si maumivu, ijapokuwa hayapendezi. Kitu chenye ncha, kinachochoma au kupiga kama umeme, hicho ni maumivu. Kikitokea, inua mkono wa kushoto, na mkubaliane kwamba mkono ukiinuliwa kazi inasimama. Daktari atakayekataa makubaliano hayo, mimi nakupa ruhusa ya kuinuka kitini.

Kuhusu Ramadhani, mimi si mwanachuoni, na imamu wa msikiti wenu ndiye wa kuulizwa. Nitakachosema ni kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba kutoboa jino, kuling'oa au kulisafisha, pamoja na sindano za tiba zisizo za lishe, havifunguzi, mradi mtu ajiepushe na kumeza kinachofika kooni. Wapo pia madaktari wanaokubali kumwona mgonjwa baada ya futari. Ninalitaja jambo hili kwa sababu kila mwaka, baada ya Idi, meno huja yakiwa yamekwisha kuwaka, na yale ambayo sindano moja ingeyatosha mwanzoni mwa Shaabani huhitaji nne. Karafuu haikukuzuia kufa ganzi, ina utulizo wake wa kweli na sisi wenyewe tunaitumia katika dawa za kuzibia. Ila mafuta yake makali yasiachwe juu ya ufizi, na kidonge cha aspirini kisiwekwe kamwe kando ya jino, kwani huunguza nyama.

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, nina miaka 27. Nilipochomwa sindano ya ganzi moyo ulianza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, jasho likanitoka, nikadhani nakufa. Baada ya dakika chache hali ilitulia, lakini jino halikufa ganzi hata kidogo. Nikaandikiwa kwenye kadi kwamba nina aleji ya ganzi. Sasa kila kliniki ninayokwenda wananiogopa. Je, ni kweli nina aleji? Niseme ukweli, usiku wa kuamkia siku ile nilikesha na miraa. — Dereva, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa kusema ukweli, maana mficha uchi hazai. Ulivyoeleza havifanani na aleji. Aleji ya kweli ya lignokeini ni nadra sana, na ikitokea hujionyesha kwa ngozi kuwasha na kutoka mabaka, uso au midomo kuvimba, kifua kubana au shinikizo la damu kuanguka. Moyo kwenda mbio, kutetemeka na jasho, vikaisha vyenyewe baada ya dakika chache, ni kazi ya adrenalini.

Nakisia hivi: neva ya taya la chini hutembea bega kwa bega na mishipa ya damu, na ncha ya sindano iliingia ndani ya mmoja wa mishipa hiyo. Dawa yote ikaenda na damu. Kwa hiyo moyo ukaipata adrenalini kwa mkupuo, na neva, ambayo ndiyo iliyokusudiwa, haikupata kitu. Kisa kimoja kimeeleza mambo yote mawili yaliyokushangaza. Ndiyo sababu tunafundishwa kulivuta bomba nyuma kidogo kabla ya kusukuma dawa, na damu ikionekana ndani ya kichupa, kuihamisha sindano. Kisha kuisukuma dawa polepole, mililita 1 kwa dakika nzima au zaidi. Anayesukuma haraka huongeza uchungu wa sindano na ukubwa wa mshtuko ikiwa ameingia mahali pasipotakiwa.

Miraa, na muguka pia, vina kemikali inayouamsha mwili kwa namna inayokaribiana na adrenalini yenyewe, hata mapigo ya moyo na shinikizo la damu huwa juu kabla hujaguswa. Ukiongeza adrenalini ya sindano juu yake, na usiku usiolala, na tumbo tupu, hapo ndipo mtu hudhani roho inatoka. Siwezi kukuambia kwamba miraa hulizuia jino kufa ganzi, lakini mtu aliyekesha huja na mwili uliokwisha kuwa juu juu, na huumia upesi. Usitafune kwa saa 24 kabla ya matibabu, lala, kula chakula cha asubuhi, na umwambie daktari. Iwapo una matatizo ya moyo, au unatumia unga wa aina yoyote, hilo nalo liseme bila kuona haya. Kokeni ikikutana na adrenalini huweza kuua, na waliozoea heroini huhisi maumivu zaidi ya watu wengine na huhitaji mpango tofauti. Daktari hatakushtaki kwa mtu.

Neno "aleji" lililo kwenye kadi yako lisiachwe hapo bila kuchunguzwa. Omba rufaa kwa daktari anayeweza kufanya kipimo cha ngozi, au angalau mpeleke kadi hiyo daktari wa meno na umsimulie kama ulivyonisimulia mimi. (Na zile soda na bigijii zinazoandamana na miraa ndizo zilizolitoboa jino hilo, lakini nadhani unalijua hilo.)

SWALI: Daktari, hujambo? Mimi ni mwanafunzi kutoka Faza. Gego langu la mwisho la chini linaota vibaya, ufizi umevimba na kinywa hakifunguki, kidole kimoja ndicho kinachopita. Nilipanda boti hadi Lamu nikaambiwa kwamba jino lenye usaha halishiki ganzi, nirudi nyumbani nimeze antibiotiki kwa siku tano ndipo nije. Nauli ya kwenda na kurudi si ndogo. Je, ilikuwa lazima? — Mwanafunzi, Faza

JIBU: Sijambo, mwanangu. Nusu ya ulichoambiwa ni sahihi. Uvimbe unaokibana kinywa kisifunguke ni dalili kwamba maambukizi yameanza kusambaa kwenye misuli ya kutafunia, na hapo antibiotiki ina nafasi yake, pamoja na kuoshwa vizuri chini ya ule ufizi uliolifunika jino, kazi ambayo ingeweza kufanywa siku ile ile. Kung'oa gego la mwisho katika hali hiyo kwaweza kuwa vigumu, na daktari aliyeahirisha huenda alikuwa na busara.

Nusu nyingine, ile ya kwamba jino lenye usaha halishiki ganzi, ni kauli iliyozoeleka kuliko ilivyo kweli. Ni vibaya kuchoma sindano ndani ya uvimbe wenyewe, lakini neva yaweza kuzimwa mbali na uvimbe, mahali palipo safi. Hata kinywa kikiwa kimefumbwa ipo njia: Vazirani aliieleza mwaka 1960, na mwaka 1977 Akinosi, daktari wa upasuaji wa kinywa kutoka Nigeria, akaieleza upya na kuieneza, hata leo inaitwa kwa majina yao wawili. Mgonjwa huuma meno yake pamoja, na sindano hupitishwa kati ya shavu na magego ya juu, sambamba na ufizi, hadi karibu na neva upande wa ndani wa taya. Haihitaji kinywa kufunguliwa. Na dawa ikishika, misuli nayo mara nyingi hulegea kiasi cha kumwezesha daktari kufanya kazi. Si kila kliniki inaifanya, na si aibu kupiga simu na kuuliza kabla ya kulipa nauli ya boti.

Antibiotiki pekee, kwa jino ambalo linauma bila uvimbe wala homa, haina faida. Haitulizi kiini kilichowaka, na haimsaidii mtu kufa ganzi. Wewe lakini una uvimbe, kwa hiyo maliza dozi uliyopewa. Ukiona uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni, au unashindwa kumeza mate, au pumzi inakuwa nzito, au una homa kali, usingoje siku ya tano. Panda boti ya kwanza, na ikiwa ni usiku, iamsheni zahanati ya karibu.

SWALI: Je, dawa ya ganzi inaweza kuharibika kwa joto letu la pwani, hasa inapovushwa kwa boti na umeme ukawa unakatika? — Mstaafu, Shela, Lamu

JIBU: Lignokeini yenyewe ni ngumu na huvumilia mengi. Kinachoharibika ni adrenalini iliyo ndani yake, ambayo haipendi joto wala mwanga, na ndiyo maana watengenezaji wengi huandika kwamba vichupa vihifadhiwe chini ya nyuzi 25 za Selsiasi, kiwango ambacho chumba cha Lamu kisichopozwa hukivuka karibu kila siku ya kaskazi. Dawa ya namna hiyo haigeuki kuwa sumu wala maji matupu. Hushika, lakini kwa muda mfupi, na mgonjwa huanza kuhisi katikati ya kazi. Kwa hiyo shoga wa yule dada wa Langoni hakukosea kabisa kuishuku dawa, ingawa ganzi iliyoharibika humsaliti mtu kwa kuisha mapema, si kwa kuua mdomo na kuliacha jino. Mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe kichupa kabla hakijafungwa kwenye bomba: tarehe ya mwisho isiwe imepita, na dawa iwe angavu. Ikiwa imegeuka rangi ya kahawia, au ya chai hafifu, ombeni kingine.